Kilango cha kumzuia mtoto asiingie jikoni, bila kuuharibu ukuta

Jioni ni wakati ambao kazi zote za nyumbani hukutana. Mbuzi wanarudi, maji yanatakiwa kuingizwa ndani, maharage yanatokota kwenye mafiga, na mtoto wa miezi 9 ambaye wiki iliyopita alikuwa anakaa tu kwenye mkeka, leo ameanza kutambaa. Anatambaa kwenda alipo mama yake. Na mama yuko jikoni, penye moto.

Tulipozungumzia ajali za watoto nyumbani katika kipindi chetu, tulidhani maswali mengi yangehusu dawa ya kidonda cha moto. Haikuwa hivyo. Wengi mliotuma ujumbe mliuliza jambo la ufundi: nataka kuweka kizuizi mlangoni kwa jiko, lakini ukuta wangu ni wa udongo, nikipiga msumari unameguka. Wengine, hasa walimu na wahudumu wa afya waliopanga vyumba, mliuliza namna ya kuweka kizuizi bila kugombana na mwenye nyumba kwa sababu ya matundu ukutani.

Tumelichukua swali hilo kwa mafundi seremala na kwa akina mama waliokwisha kujaribu. Haya ndiyo tuliyoyapata. Soma taratibu, na kama fundi wako hana simu yenye intaneti, msomee.

Kwanza, kwa nini msumari haufai

Ukuta wa udongo uliokandikwa kwenye fito, au wa tofali mbichi, una nguvu ya kubeba mzigo unaoukandamiza kutoka juu. Ndiyo maana unabeba paa miaka mingi. Udhaifu wake ni pale unapovutwa au kutikiswa kutoka pembeni. Msumari mmoja unaobeba kofia hausumbui. Lakini kilango kinachofunguliwa na kufungwa mara 40 kwa siku, na mtoto anayekishika na kukitikisa, hugeuza msumari huo kuwa kama mti wa kukorogea. Tundu linapanuka, udongo unakuwa vumbi, na baada ya wiki chache msumari unatoka na bonge la ukuta.

Tundu hilo halibaki kuwa tundu tu. Mvua ya upepo ikipiga, maji yanaingia ndani ya ukuta. Mchwa wanapata njia ya kufikia fito. Na ukutani palipochimbika karibu na mlango ndipo pembe ya mlango inapoanza kuporomoka, kwa sababu pembe ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote.

Ukuta wa tofali za kuchoma uliopigwa lipu una afadhali, ila lipu nayo hupasuka na kubanduka vipande msumari unapopigwa karibu na ukingo. Kwa mpangaji, hicho ndicho chanzo cha ugomvi siku ya kuhama.

Jambo la hatari zaidi si uharibifu wa ukuta. Ni kwamba kizuizi kilichoshikwa na msumari uliolegea kinamdanganya mzazi. Anakiona kimesimama, anageuka kupepeta unga, na siku mtoto atakapokiegemea ndipo kitaanguka, pengine kuelekea kwenye moto na mtoto akiwa juu yake. Kizuizi kibovu ni kibaya kuliko kukosa kizuizi, maana pasipo kizuizi mzazi hageuzi shingo.

Kubana badala ya kutoboa

Vilango vinavyouzwa madukani mijini, vile vya chuma chenye rangi nyeupe, vingi havitoboi ukuta. Vina bolti nne, mbili kila upande, zenye vichwa vya mpira. Ukikaza nati, bolti zinajitokeza na kuusukuma mwimo wa mlango kulia na kushoto. Kilango kinakaa kwa sababu kimebana.

Kanuni hiyo ni nzuri, lakini usiihamishie kwenye ukuta wa udongo kama ilivyo. Fikiria shamba lenye matope. Ukipita na kiatu chenye kisigino chembamba unazama, lakini ukilaza ubao na kupita juu yake huzami, na uzito wako ni uleule. Kichwa kidogo cha mpira kikikazwa kwenye udongo kitachimba shimo. Ubao mrefu ukikazwa kwenye udongo huohuo utausambaza msukumo kuanzia chini mpaka juu, na ukuta hautahisi.

Kwa hiyo, kama mlango wako una fremu ya mbao ngumu iliyojengewa vizuri, unaweza kubana moja kwa moja kwenye fremu. Weka kipande cha tyubu ya baiskeli kati ya kichwa cha bolti na mbao ili isiteleze wala kuacha kovu. Kama ni ukuta wa saruji usio na fremu, weka kipande cha ubao kila upande kwanza. Na kama ni udongo, tumia njia tunayoieleza hapa chini.

Fremu inayouvaa ukuta

Njia hii tuliipenda kuliko nyingine kwa sababu inafaa kwa majiko mengi ya vijijini, yale yaliyojengwa kando ya nyumba kubwa, ambayo mlango wake ni uwazi tu usio na fremu wala ubao wa kufunga.

Tafuta mbao mbili zenye upana sawa na unene wa ukuta wako, zenye urefu wa kutoka sakafuni mpaka karibu na linta. Hizi ndizo zitakuwa miimo. Ukikosa ubao mpana hivyo, unganisha mbao mbili nyembamba kwa vipande vya kukatiza mpaka upate upana huo. Kila mwimo upigilie mabawa mawili: ubao mwembamba upande wa ndani na mwingine upande wa nje, kila bawa likizidi ukingo wa mwimo kwa sentimita 10 hivi. Ukiutazama mwimo kutoka juu, utaona umbo la mfereji. Mfereji huo ndio unaouvaa ukingo wa ukuta kama ala inavyokivaa kisu.

Kabla ya kuuvalisha, ziba sehemu zilizomeguka kwenye kingo za mlango kwa udongo uliochanganywa na samadi ya ng'ombe, kisha uache ukauke kabisa. Ukiharakisha, udongo mbichi utasinyaa na fremu italegea. Tandika kipande cha gunia au tyubu ndani ya mfereji ili mbao zisiusage ukuta.

Sasa una miimo miwili iliyovaa kingo za ukuta, lakini bado inaweza kurudi katikati. Kinachoizuia ni mbao mbili za kukatiza. Moja inakaa juu kabisa, chini ya linta, ili mtu mzima asigonge kichwa. Ya pili inakaa chini. Hiyo ya chini usiiache juu ya sakafu kama kizingiti. Chimba kijifereji kwenye sakafu ya udongo uilaze humo, uso wake uwe sawa na sakafu. Mama mmoja aliyejaribu alituambia alijikwaa mara mbili kwenye kizingiti kabla ya kumwita fundi akizamishe, na mara ya pili alikuwa na sufuria ya uji.

Mbao hizo mbili zikatwe fupi kidogo kuliko nafasi iliyopo, kisha zikazwe kwa kabari mwisho mmoja. Gonga kabari polepole kwa nyundo ndogo au jiwe. Ukiusukuma mwimo kwa mkono na hautikisiki, acha. Usiendelee kwa kudhani kwamba kukaza zaidi ni uimara zaidi. Ukiona ufa mwembamba unatokea ukutani, irudishe kabari nyuma mara moja.

Uzuri wa mabawa utauona hapa. Mtoto akisukuma kutoka nje, fremu haiwezi kuingia ndani kwa sababu bawa la nje linashika uso wa ukuta kwa urefu wake wote. Akivuta, bawa la ndani linashika. Hakuna msumari hata mmoja uliogusa udongo. Misumari yote ni ya mbao kwa mbao.

Bawaba za kilango zinapigiliwa kwenye mwimo huo, na komeo kwenye mwimo wa pili.

Kama jiko lina ubao wa mlango unaofungwa

Hapo mabawa yatauzuia mlango kufunga. Kuna mambo mawili ya kufanya.

La kwanza ni kuukata mlango wenyewe. Mlango wa mbao ukikatwa vipande viwili, cha chini kinafungwa mtoto akiwa anacheza, cha juu kinabaki wazi kwa mwanga na moshi. Kila kipande kinahitaji bawaba mbili, kwa hiyo huenda ukaongeza moja au mbili kwenye fremu iliyopo, siyo ukutani. Usiku unavifunga vyote kwa komeo. Ila kama milango imetengenezwa kwa mbao zilizosimamishwa na kushikwa na mikingamo miwili tu, hakikisha fundi anaongeza mikingamo kabla ya kukata, la sivyo mlango utasambaratika. Na kama umepanga, omba ruhusa kwanza. Mwenye nyumba anayekasirikia tundu la msumari hatafurahi kuona mlango wake umekatwa katikati.

Jambo la pili ni kuchimbia nguzo mbili nje ya mlango. Nguzo zinashuka ardhini futi mbili hivi, udongo unashindiliwa kwa mti tabaka kwa tabaka, na kilango kinaning'inia kwenye nguzo bila kuugusa ukuta. Usichimbe ukiwa umeubandika ukuta kabisa, kwa sababu shimo kwenye msingi ni mlango wa maji ya mvua. Sogea kidogo mbele, kisha lile pengo linalobaki kati ya nguzo na ukuta ulizibe kwa ubao uliopigiliwa kwenye nguzo na kuusogelea ukuta bila kushikamana nao. Pengo hilo ndilo wengi wanalisahau. Mtoto halisahau.

Kuhusu mchwa, mafundi wetu walikuwa na majibu tofauti. Wote walikubaliana kuchagua mti mgumu na kuunguza kidogo ile sehemu itakayokwenda ardhini. Wengine wanapaka oili chafu. Sisi tunasema, kama lazima uipake, iishie chini ya udongo, maana kila kilicho juu ya ardhi mtoto atakiramba.

Njia hii ya nguzo ndiyo pia inayofaa kwenye baraza lenye ngazi. Kilango cha kubana tu kisiwekwe kabisa juu ya ngazi. Kikiachia kwenye mlango wa chumba, mtoto ataanguka sakafuni. Kikiachia juu ya ngazi, ataporomoka nacho hadi chini.

Vipimo ambavyo havina mjadala

Fundi anaweza kukupangia umbo na mbao atakavyo. Lakini kuna vipimo vichache ambavyo tunakuomba umsimamie.

Mbao za kilango zisimame wima. Ukizilaza, umemjengea mtoto ngazi. Mikingamo miwili inayozishika mbao hizo iwe upande wa jikoni, mtoto asipate pa kukanyaga.

Nafasi kati ya ubao na ubao isifike sentimita 6. Hapa ndipo penye hatari ya kifo, kwa hiyo tutaeleza sababu. Mwili wa mtoto mchanga ni mwembamba kuliko kichwa chake. Nafasi ikiwa pana, mtoto anaweza kupenyeza miguu na kiwiliwili, kisha kichwa kikakwama shingo ikiwa imening'inia. Kwa hiyo nafasi pana kidogo ni mbaya kuliko uwazi mkubwa. Kama huna rula, vidole vitatu vya mtu mzima vikipita kwa kubanwa, hapo ni salama. Vinne vikipita, ongeza ubao.

Mfano wa hesabu: ukibaki na nafasi ya sentimita 70 kati ya mwimo na mwimo, tengeneza kilango cha sentimita 69 ili kisikwame. Mbao 8 za upana wa sentimita 4 zitachukua sentimita 32, na zitabaki 37 za kugawanya kwenye nafasi 7, kila moja ikiwa sentimita 5 na kidogo.

Juu, usikate mbao kwa ncha za kupendeza wala usiache pembe zenye umbo la V. Marekani vilango vya kukunja na kukunjua, vyenye umbo hilo juu, viliacha kuuzwa mwaka 1985 baada ya watoto kukwama shingo na kufa. Juu pawe pamenyooka, pamepigwa msasa.

Kimo kiwe angalau sentimita 65, na tungependa 75. Kanuni rahisi ni kwamba kilango kisipungue robo tatu ya kimo cha mtoto aliyesimama. Chini, pengo na sakafu lisiruhusu kichwa wala mguu kukwama, yaani vidole vitatu vilevile. Kumbuka sakafu ya udongo huchakaa mlangoni, hivyo pengo la leo silo la miezi 6 ijayo.

Na usikandike kilango kwa bati wala ubao mzima. Kwanza jiko linahitaji hewa, moshi utoke. Pili, unatakiwa umwone mtoto.

Kilango kifunguke kuelekea wapi?

Kifunguke kuelekea nje, alipo mtoto. Tunajua inashangaza kidogo. Sababu ni kwamba mtoto aliye nje hukisukuma kuelekea ndani, na upande huo kinazuiwa na kipande cha ubao kilichopigiliwa kwenye mwimo. Anavyosukuma zaidi, ndivyo kinavyozidi kufunga. Kama kingefunguka ndani, komeo peke yake ndilo lingepigana naye.

Komeo likae upande wa ndani, karibu na juu, ili mtu mzima apitishe mkono juu na kulifungua kwa mkono mmoja. Usitumie kufuli. Jiko likishika moto, hakuna atakayekumbuka ufunguo ulipo. Kipande cha tyubu ya baiskeli kinaweza kufungwa kama springi ili kilango kijirudie chenyewe, maana anayesahau kufunga mara nyingi siyo mama, ni sisi wengine tunaopita kuchukua kaa la moto.

Na tafadhali, usiruke kilango. Akina mama walitueleza kwamba siku za mwanzo kilango kinaudhi, na mtu anajikuta anakivuka kwa kuinua mguu huku ameshika sufuria. Maji ya moto yakimwagikia mtoto kwa sababu ya kizuizi kilichowekwa kumlinda, hapo tutakuwa tumefanya nini? Weka sufuria chini ndani ya jiko, fungua, angalia mtoto yuko wapi, kisha toka nayo.

Mtoto si mbuzi

Maneno hayo tumeyasikia mara nyingi, na kwa kawaida huwa yanatoka kwa bibi. Mtoto afungiwe kama mbuzi? Sisi tulilea watoto 8 na hatukuweka ua jikoni.

Hatutaki kumdharau bibi. Anachosema kina ukweli wake. Zamani mtoto wa kutambaa alikuwa na macho mengi juu yake: dada, shangazi, jirani, bibi mwenyewe. Leo dada yuko shule, shangazi yuko mjini, na mama yuko peke yake na mafiga. Kilango hakikuja kuchukua nafasi ya mtu anayemwangalia mtoto. Kimekuja kwa sababu mtu huyo amepungua. Tulipolieleza hivyo katika kipindi, bibi mmoja alipiga simu akasema basi kama ni hivyo kiwekwe, lakini yeye akija kutembea kifunguliwe.

Na pia kuna jambo ambalo bibi ameliona kuliko sisi. Kumzuia mtoto asiingie jikoni ni kumwacha uani. Uani kuna nini? Kuna ndoo ya maji, shimo la takataka, choo kisicho na mfuniko, majivu yaliyomwagwa asubuhi ambayo juu ni ya kijivu na chini bado ni moto. Kwa sisi wa kandokando ya ziwa, kuna ziwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao ni watoto wa chini ya miaka 5. Mtoto mdogo hahitaji ziwa ili azame. Ndoo yenye maji ya kina cha kiganja inatosha, kwa sababu akitumbukiza kichwa hana nguvu ya kujitoa.

Kwa hiyo kabla ya kumwita fundi, kaa chini kwenye mkeka, kimo cha mtoto, uangalie yupo atakayekuwa wapi kilango kikifungwa. Pengine utaona ni afadhali kumzungushia mtoto eneo lake kuliko kuzungushia moto.

Huko Bangladesh, nchi yenye mabwawa na mito karibu kila kijiji, kufa maji ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya watoto wa mwaka 1 hadi 4, na ajali nyingi hutokea kuanzia asubuhi hadi mchana, mama akiwa kazini nyumbani. Katika muongo uliopita walijaribu njia mbili vijijini: kugawa vizimba vya mbao vya kuchezea watoto nyumbani, na kufungua vituo ambapo mama mmoja wa kijiji aliyefundishwa anawaangalia watoto wa majirani kwa saa chache za asubuhi. Vituo vya kuangalia watoto ndivyo vilivyopunguza vifo. Kizimba peke yake hakikuonyesha matokeo kama hayo. Tunalisema hili wazi ingawa makala yetu ni ya kilango. Kama mko majirani wanne wenye watoto wadogo, kupeana zamu ya kuwaangalia huenda kukawasaidia kuliko mbao zote tulizozitaja.

Lakini zamu huisha, na jioni kila mtu yuko kwake na chungu chake. Saa hizo ndizo za kilango.

Kukijaribu

Kilango kikikamilika, usimwite mtoto kwanza. Kipige goti kwa nguvu kwa chini, mahali mtoto anapofikia. Kishike juu ukitikise mbele na nyuma kama unayetikisa mwembe. Kining'inie kidogo. Kikicheza, rudia kabari.

Halafu rudia majaribio hayo kila wiki, na lazima baada ya mabadiliko ya majira. Mbao husinyaa wakati wa kiangazi na kabari hulegea. Masika mbao hujaa maji, zikaanza kuukandamiza ukuta ambao nao umelowa. Wakati huo ilegeze kidogo. Tyubu iliyo karibu na moshi hukakamaa na kupasuka baada ya miezi michache. Fundi baiskeli atakupa vipande vya zamani, mara nyingi bila malipo.

Endapo pamoja na yote mtoto ataungua, mwondolee nguo iliyoloa maji ya moto kama haijagandamana na ngozi, kisha mmwagilie palipoungua maji safi ya baridi ya kawaida, polepole, kata kwa kata, kwa dakika 20. Si barafu. Usipake dawa ya meno, unga, yai wala mafuta. Funika kwa kitambaa safi, mfunike mwili uliobaki asipate baridi, na umpeleke kituo cha afya hata kama malengelenge yanaonekana madogo.

Mtoto akishaanza kukwea, kwa kawaida akikaribia miaka 2, kilango kimemaliza kazi yake. Usisubiri akivuke mbele ya macho yako. Gonga kabari kinyumenyume, zitoe mbao za kukatiza, chomoa miimo ukutani. Utabaki na ukuta uleule ulioanza nao, na kilango ambacho jirani mwenye mtoto wa miezi 6 ameshaanza kukiulizia.